Printa Inapokataa, Isome Karatasi Kabla ya Kugusa Kebo

Printa ya zamani iliyounganishwa na kompyuta kwa kebo ya siriali ikigoma, hukumu hutolewa upesi: imekufa. Hubadilishwa kebo, kisha kadi, kisha printa yenyewe hubebwa hadi kwa fundi, na kila hatua hula fedha bila kumwambia mwenye mali jambo jipya. Ninachotetea hapa ni mwenendo mwingine. Katika muunganisho wa aina hii, matatizo mengi hutokea mashine zote mbili zikiwa nzima. Kilichovunjika ni mapatano baina yao. Na uvunjifu huo haujifichi. Karatasi iliyochapwa ovyo, iliyochapwa nusu au iliyobaki nyeupe hubeba alama za kutosha kuonyesha ni kipengele gani cha mapatano kimekosekana, mradi mtu aisome kabla ya kuikunja na kuitupa.

Kwa nini mapatano yahitajike ilhali printa nyingine huchomekwa tu na kufanya kazi? Kompyuta ya IBM PC iliyotolewa Agosti 1981 ilikuwa na njia mbili za kuzungumza na printa. Ya kwanza, ile ya sambamba iliyofuata mtindo wa kampuni ya Centronics, hupeleka biti nane kwa pamoja juu ya nyaya nane, na waya mwingine huiambia printa wakati hasa wa kuzipokea. Hapo hakuna cha kupanga. Njia ya pili ni siriali, kwa kanuni iitwayo RS-232, ambayo toleo lake lililoenea zaidi, la C, lilitoka mwaka 1969. Humo biti hupita moja baada ya nyingine juu ya waya mmoja, wala hakuna waya wa kutangaza biti moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi. Anayepokea anapaswa kujua tangu mwanzo kasi ya mtumaji, idadi ya biti katika kila herufi, kama kuna biti ya ukaguzi iitwayo pariti, na alama ya kufunga herufi ina urefu gani. Tena kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya kuunganisha mashine ya mawasiliano na modemu, si kompyuta na printa. Watengenezaji wa printa waliikuta tayari wakaitumia kila mmoja kwa namna yake: huyu akaamua printa yake ijifanye upande wa kompyuta, yule upande wa modemu, huyu akautumia waya huu kusema “subiri”, yule akautumia mwingine. Ndiyo maana kebo iliyofaa ofisi moja inaweza kushindwa kabisa katika ofisi ya jirani.

Wapo watakaosema kwamba kubahatisha kumewasaidia mara nyingi, na si waongo. Lakini tufanye hesabu. Kasi zinazotumika sana ni sita, kuanzia 300 hadi 9600. Biti za herufi ni saba au nane. Pariti inaweza kuwa ya shufwa, ya witiri au isiwepo. Biti ya kufunga ni moja au mbili. Namna ya kusimamisha mtumaji ni kwa waya au kwa herufi maalumu. Zidisha vyote hivyo upate michanganyiko 144. Ongeza swali la kebo iliyonyooka au iliyopishanishwa, inakuwa 288. Anayebahatisha huenda akaangukia mchanganyiko sahihi mapema, lakini kuna hatari kubwa zaidi kuliko kupoteza muda: anaweza kuangukia mchanganyiko unaofanana na ulio sahihi, ukachapa barua fupi vizuri na kuharibu ripoti ndefu. Hilo nitalirudia, kwa sababu ndilo jambo zito kuliko yote katika mada hii.

Hatua ya kwanza ni kuitenga printa na kompyuta. Printa nyingi za doti za Epson hujijaribu zenyewe ukibonyeza kitufe cha kusogeza mstari na kuiwasha huku umekishikilia; printa za kampuni nyingine zina njia zake, kwa kawaida za kufanana na hiyo. Zikitoka herufi safi mstari baada ya mstari, basi kichwa cha kuchapia, mota na utepe wa wino ni vizima, na hakuna sababu ya kuvigusa. Jaribio hilo halisemi lolote kuhusu mlango wa siriali, kwa hiyo lisipewe uzito usiokuwa wake. Faida yake ni kwamba tangu hapo kila kasoro itakayoonekana karatasini inatoka katika mazungumzo ya mashine mbili, haitoki katika uchapaji wenyewe.

Tuanze na karatasi inayobaki nyeupe. Kwenye kompyuta inayotumia DOS, programu nyingi hupeleka maandishi kwenye mlango uitwao LPT1, yaani ule wa sambamba. Ili yaende siriali, mfumo lazima uambiwe, na huambiwa kwa amri mbili: MODE COM1:9600,N,8,1,P inayoweka kasi, pariti, idadi ya biti na biti ya kufunga, kisha MODE LPT1:=COM1: inayoyaelekeza maandishi huko. Amri hizo husahaulika kila kompyuta inapozimwa, isipokuwa ziwe zimeandikwa katika faili la AUTOEXEC.BAT. Printa iliyochapa jana na leo ikanyamaza baada ya mtu “kusafisha” diski, mara nyingi imepotezewa mistari hiyo miwili tu. Pengine pia kipanya kimechomekwa kwenye COM1, na printa iko COM2 bila mtu kukumbuka. Mambo haya hayahitaji bisibisi, basi yaangaliwe kwanza.

Yakiwa sawa, geukia kebo, na hapo chombo cha thamani zaidi ni kile kipima umeme cha kawaida ambacho mafundi hukiita testa. RS-232 huonyesha ishara kwa volti: waya wa kutuma unapotulia bila kutuma kitu hukaa kwenye volti hasi, kati ya 3 na 15 chini ya sifuri. Basi chomoa kebo, washa kompyuta, weka ncha moja ya testa kwenye pini ya 7 ya plagi yenye pini 25, ambayo ndiyo ethi ya ishara, na nyingine kwenye pini ya 2, kisha ya 3. Ile inayotoa volti hasi ndiyo inayotuma. Fanya vivyo hivyo upande wa printa. Ikiwa zote mbili zinatuma kwenye pini ya 2, kebo iliyonyooka inaunganisha wasemaji wawili wasio na msikilizaji, na inatakiwa kebo inayopishanisha 2 na 3. Plagi ya pini tisa, iliyoanza na kompyuta ya IBM PC AT ya mwaka 1984, imewachanganya wengi kwa sababu ndani yake namba zimegeuka: 2 inapokea, 3 inatuma, na ethi iko kwenye 5. Na tahadhari moja isipuuzwe. Nyuma ya kompyuta za IBM za mwanzo, mlango wa sambamba nao una pini 25. Tofauti ni kwamba huo una matundu, na wa siriali una pini zilizojitokeza. Umeme wa mlango wa sambamba hauzidi volti 5, ilhali siriali inaweza kupeleka 12. Anayelazimisha kebo kwa kuongeza kiungio cha kugeuza plagi anaweza kuunguza kilichokuwa kizima.

Karatasi iliyojaa takataka huwatisha watu kuliko iliyo nyeupe, na haistahili. Takataka ni habari njema: zinathibitisha kwamba umeme unapita, kebo inafika na printa inasikia. Kilichobaki ni namna ya kusikia. Tuma herufi kumi zinazojulikana, kisha hesabu zilizotokea. Zikiwa chache mno, printa inasikiliza polepole kuliko kompyuta inavyosema, na herufi kadhaa zinamezwa kuwa moja. Zikiwa nyingi kuliko zilizotumwa, printa inasikiliza upesi kupita mtumaji, na biti moja ya kweli inahesabiwa kama kadhaa. Kwa hesabu hiyo tu unajua uende upande gani wa kasi, na vijiswichi vilivyo ndani au nyuma ya printa vitamaliza kazi.

Kosa la pariti lina sura yake, na kwangu ndilo ushahidi mzuri kuliko wote kwamba karatasi husema. Tuseme kompyuta inatuma biti saba na pariti ya shufwa, nayo printa imewekwa kupokea biti nane bila pariti. Kila herufi yenye idadi ya witiri ya alama za 1 itaongezewa biti ya nane, na printa itaidhania ni herufi nyingine iliyo juu ya namba 128. Katika printa za Epson za kizazi cha FX-80, eneo hilo la juu lina herufi za mlazo. Tokeo ni maandishi yanayosomeka, ila baadhi ya herufi zimelala na nyingine zimesimama, kama vile mtu alizichagua. Hazikuchaguliwa ovyo. Herufi a ina alama tatu za 1, na u ina tano, kwa hiyo hulala. Herufi e na i zina nne, na o ina sita, kwa hiyo husimama. Katika neno “kitabu”, k italala, i na t zitasimama, kisha a, b na u zote zitalala, na itakuwa hivyo kila neno hilo litakapotokea. Ukiona mpangilio wa namna hiyo ukijirudia bila kubadilika, usiguse kasi wala kebo, rekebisha pariti.

Kama bado kuna shaka, printa nyingi za Epson zina njia ya kuonyesha namba za kila kinachozifikia, badala ya herufi zenyewe: shikilia kitufe cha kusogeza mstari pamoja na kile cha kusogeza ukurasa, kisha washa. Neno “kitabu” likifika salama litachapwa 6B 69 74 61 62 75. Likifika na kosa la pariti nililolieleza, litakuwa EB 69 74 E1 E2 F5. Njia hiyo hutatua pia ugomvi mdogo wa miisho ya mistari. Mistari yote ikichapwa juu ya mstari mmoja hadi ukawa mweusi, printa inapata 0D, amri ya kurudi mwanzo, bila 0A ya kushuka. Ikishuka mithili ya ngazi, inapata 0A peke yake. Ikiruka mstari mmoja kila mara, inapata zote mbili na bado kijiswichi chake kinaongeza ya tatu.

Sasa nirudi kwenye lile nililoliita zito. Kwa kasi ya 9600, kila herufi ikiwa na biti nane, ya kuanzia na ya kufungia, kompyuta inatuma herufi 960 kwa sekunde. Chukua printa inayoweza kuchapa 160 kwa sekunde, yenye kumbukumbu ya kuhifadhi herufi 2,048. Kila sekunde herufi 800 zinabaki zikisubiri, kwa hiyo kumbukumbu inajaa baada ya sekunde mbili na nusu hivi, zikiwa zimepokelewa herufi kama 2,450. Mistari ikiwa na wastani wa herufi 65, hapo ni karibu na mstari wa 38 wa ukurasa wa kwanza. Kuanzia hapo, kama hakuna kinachoisimamisha kompyuta, herufi tano kati ya kila sita zinatupwa. Hadi mstari huo kila kitu ni kamili. Barua ya aya mbili haitaonyesha kasoro yoyote, wala ukurasa wa majaribio wa mistari kumi. Ndiyo maana fundi huondoka akiwa na haki ya kuridhika, na mwenye ofisi hugundua kosa mwisho wa mwezi, orodha ndefu inapochapwa.

Kosa hili linatoka wapi? Programu ya msingi ndani ya IBM PC, kabla ya kutuma kila herufi, hutazama nyaya mbili, CTS na DSR, kuona kama upande wa pili uko tayari. Kebo yenye nyaya tatu tu, yaani ya kutuma, ya kupokea na ya ethi, huziacha hizo mbili bila kitu, na kompyuta hukataa kutuma, ikidai kifaa hakiko tayari. Suluhisho lililoenea, na ambalo ninalipinga kwa nguvu zangu zote, ni kuzifunga nyaya hizo upande wa kompyuta wenyewe, kwenye nyaya ambazo kompyuta hutangazia kwamba yenyewe iko tayari: RTS kwa CTS, DTR kwa DSR. Kompyuta sasa inajiuliza na kujijibu. Inaona “tayari” saa zote, hata karatasi ikiwa imekwisha, na inatuma. Kosa lililokuwa wazi limegeuzwa kuwa kosa la siri, na mteja amelipa kwa kazi hiyo. Kebo ya haki huchukua waya ambao printa huutumia kusema “nimejaa”, ambao kwa kawaida ni DTR kwenye pini ya 20, na katika baadhi ya printa ni pini ya 11, na kuupeleka kwenye CTS na DSR za kompyuta, pini za 5 na 6 kwenye plagi ya 25, au 8 na 6 kwenye plagi ya tisa. Huhitaji kitabu cha printa kuutambua waya huo. Weka testa kati ya ethi na kila pini, bonyeza kitufe cha kuitoa printa kazini au iondolee karatasi, na tazama ni volti ipi inageuka kutoka chanya kwenda hasi.

Ili kuthibitisha kwamba ugonjwa ni huo, shusha kasi hadi 300 pande zote mbili na uchape hati ileile ndefu. Herufi 30 kwa sekunde haziwezi kuijaza printa inayochapa 160. Hati ikitoka kamili kwa 300 na ikakatikakatika kwa 9600, kosa ni la kusubiriana. Mtu anaweza kuuliza kwa nini asiiache hapohapo kwenye 300, maadamu inafanya kazi. Ukurasa wa herufi 3,900 utachukua dakika mbili na zaidi, wakati printa yenyewe ingeumaliza kwa nusu dakika. Hilo linaweza kuvumilika. Lisilovumilika ni kwamba siku karatasi itakapokwisha katikati ya kazi, kompyuta itaendelea kutuma kwenye printa iliyosimama, na maandishi yatapotea vilevile. Kasi ndogo inaahirisha kosa, haiondoi.

Kuna njia nyingine ya kusubiriana ambapo printa iliyojaa hutuma herufi ya 19 kumaanisha simama, na ya 17 kumaanisha endelea. Kwenye mifumo ya Unix hufanya kazi vizuri na hutosheka na nyaya tatu. Kwenye DOS, programu ya msingi haizisikilizi herufi hizo, hivyo njia hiyo husaidia tu pale programu yenyewe ya uandishi au uhasibu inapozishughulikia. Printa iliyowekwa hivyo mbele ya DOS tupu inaomba “simama” kwa anayeizungumzisha asiye na masikio, na karatasi itakatika vilevile.

Pingamizi lenye uzito zaidi dhidi ya hoja yangu ni kwamba vifaa navyo huharibika kweli. Ni sawa. Katika kompyuta na printa za miaka hiyo, chipu ndogo za 1488 na 1489 ndizo zilizogeuza ishara za ndani kuwa volti za RS-232 na kuzirejesha, na zilikuwa za kwanza kuungua radi ilipopiga karibu au kebo ilipochomekwa mashine zikiwa na umeme. Lakini mwenendo huu huu ndio unaozifichua. Waya wa kutuma usiotoa volti hasi unapotulia, kebo ikiwa imechomolewa, una chipu iliyokufa nyuma yake, au umeme wa kuilisha haufiki. Kompyuta iliyounganishiwa pini ya 2 na ya 3 kwa kipande cha waya, na kwa muda wa jaribio tu RTS kwa CTS na DTR kwa DSR, inapaswa kupata kila inachotuma. Isipopata, hitilafu iko ndani yake na printa haina hatia. Kwa hiyo anayesoma dalili hajifungi macho kwa uharibifu wa vifaa. Anaufikia akiwa na ushahidi, na ananunua chipu moja badala ya mashine nzima.

Wengine watasema yote haya ni kazi bure, kwamba dawa ni kununua printa mpya ya USB. Kwa anayechapa barua za kawaida ninakubaliana nao moja kwa moja. Lakini RS-232 haijaondoka kazini. Mizani, vipimo vya maabara na printa za risiti za madukani bado vinauzwa na mlango huo, na kuna programu za zamani zinazoendesha mashine ghali ambazo hazijui kuchapa kwingine kokote. Printa ya doti, kwa kugonga karatasi, hutoa nakala kadhaa za fomu kwa mara moja, jambo ambalo ya wino wa kunyunyiza au ya leza haiwezi. Na hata kiungio cha kisasa kinachogeuza USB kuwa siriali hakiondoi hata kipengele kimoja cha mapatano: kasi bado huwekwa, pariti bado huwekwa, na kebo inayojijibu yenyewe itapoteza mistari ya majibu ya maabara kama ilivyopoteza ya orodha ndefu ya mwisho wa mwezi. Hapo ndipo uzembe unapokuwa hatari, kwa sababu anayesoma majibu hayo hana njia ya kujua kwamba mstari haukuchapwa.

Kwa hiyo jaribio la mwisho baada ya matengenezo yoyote lisiwe ukurasa mmoja. Chapa hati ya kurasa tano au zaidi, yenye mistari iliyopewa namba, kwa kasi ya juu kabisa itakayotumika. Katikati yake itoe printa kazini kwa dakika moja, kisha iondolee karatasi na uirudishe. Namba zikifuatana bila pengo, mapatano ni kamili. Andika kasi, biti, pariti na michoro ya pini za kebo kwenye kipande cha karatasi, ukigandishe chini ya printa, na uandike pia tarehe.